Gia ya Mikebe Miwili

Gia iliruka tena pale pale, katikati ya kilima cha daraja la mbao, na goti la Murunga likagonga usukani hata akaona nyota mchana. Baiskeli ikasita, ikataka kurudi nyuma na mikebe yake miwili ya krimu. Akaruka chini upesi, akaikumbatia kama mtu anayemzuia ndama, kisha akaanza kuisukuma kwenye tope la Julai.

Ilikuwa baiskeli ya kizungu yenye gia tatu. Kwenye usukani ilikuwa na kijiti cha kubadilishia, na kutoka hapo waya ulishuka mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, mahali gia zenyewe zilipofichwa ndani ya chuma kinene. Siku Bwana Lourens alipoileta shambani aliwaambia wafanyakazi kwamba ina akili kuwashinda wote. Labda akili ilikuwapo zamani. Mwaka huu wa 1938 kilichobaki kilikuwa kiburi tu. Ukiiweka kwenye gia nyepesi inakutii dakika moja, halafu inajiachia yenyewe, pedali zinazunguka bure, na wewe na krimu ya watu mnaelekea mtaroni.

Kutoka shambani, upande wa Moiben, mpaka kiwanda cha krimu mjini Eldoret ni maili kumi na mbili. Krimu ilikuwa tayari saa moja na nusu, na kiwandani daraja la kwanza lilifungwa saa tatu kamili. Ukifika kabla ya hapo na krimu nzuri, unapewa tiketi nyeupe. Ukichelewa, au krimu ikiwa na kasoro, tiketi ni nyekundu, na Bwana analipwa bei ya daraja la pili.

Jumanne hiyo Murunga alifika saa tatu na dakika kumi, amelowa mpaka kiunoni. Aliyekuwa kwenye meza ya kupokelea ni karani Elphas, mtu wa kwao kabisa, wa upande wa Kakamega. Lakini Elphas akishavaa lile koti lake jeupe alikuwa hana ndugu mpaka jioni alivue.

"Umechelewa, Murunga."

"Ni gia, karani. Imeruka kilimani. Dakika kumi tu."

"Hii saa haijui mambo ya gia," Elphas alisema, akaandika tiketi nyekundu.

Ilikuwa ya kwanza mwezi huo. Bwana Lourens alikwisha kusema tangu tarehe mosi, amesimama kwenye ngazi za nyumba yake, vidole vitatu juu: "Nyekundu moja, mimi kasirika. Nyekundu mbili, mimi kasirika sana. Nyekundu tatu, wewe kwenda." Na kwenda hakukuwa kuacha kazi peke yake. Katika mkataba wa shamba, kazi na nyumba na bustani vilikuwa kitu kimoja. Mtu akifukuzwa huondoka na mkewe, mtoto na sufuria, na kile kilicho ardhini hubaki ardhini. Nusu ekari ya mahindi ya Murunga, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, ilikuwa ndiyo kwanza inatoa ndevu. Mkewe Rael alikuwa ameipalilia mara mbili na mtoto wao Nelima mgongoni. Mahindi yale yangeliwa na nguruwe wa Bwana.

Kwa hiyo hakurudi shambani moja kwa moja. Aliisukuma baiskeli mpaka kwenye baraza la duka la Mhindi, mahali fundi Nicanor alipokuwa akitengeneza baiskeli za mji mzima kwa spana tano na nyundo moja.

Nicanor alikifungua kile chuma kinene, akamwaga vilivyomo juu ya gunia. Vilikuwa vyuma vidogo vidogo, vingine kama punje za mahindi.

"Ona hii. Meno yameisha kama ya mzee," alisema. "Spea ziko Nairobi, na Nairobi watakuambia ziko Uingereza. Huyu Bwana wako atanunua?"

"Atasema mimi ndiye nimeharibu."

"Basi tutoe hii takataka yote. Tuweke gia moja."

Murunga alishika kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni mwake, kile cha kipande, cheti chake cha kazi, bila hata kujua kwamba amekishika. "Ni mali ya Bwana, Nicanor. Nikiifungua bila ruhusa anaweza kunipeleka polisi."

"Na usipoifungua?"

Murunga aliitazama barabara ya kurudi shambani. Aliyaona mahindi yake yakitikisa ndevu.

"Fungua," alisema. "Lakini kila kitu unachotoa weka ndani ya gunia. Hata msumari. Asije akasema nimemwibia."

Kazi ilichukua saa tatu. Nicanor alizitoa spoki zote arobaini, akaliunda upya gurudumu la nyuma juu ya chuma chembamba cha kawaida alichokichopoa kwenye baiskeli iliyokufa. Kijiti kikatoka usukanini, waya ukatoka, mnyororo ukapunguzwa pingili mbili. Kisha akaleta kopo lililojaa frihwili kuukuu, yale magurudumu ya meno yanayokaa nyuma na kubeba mnyororo.

"Sasa sikiliza," alisema. "Sahani ya mbele iko na meno arobaini na sita, hiyo tunaiacha. Maneno yote iko hapa nyuma. Meno ikiwa kidogo, ukizungusha pedali mara moja baiskeli inakwenda mbali, lakini ni nzito. Ikiwa mengi ni nyepesi, lakini haifiki mbali. Zamani ulikuwa na tatu za kuchagua. Sasa uko na moja, kama bibi wa kanisani. Lazima mpatane."

Alimfungia meno kumi na nane. Malipo walipatana jogoo, ataletwa kesho yake.

Murunga alirudi shambani kama mwana wa chifu. Alipofika darajani aligeuza baiskeli, akakipanda kile kilima bila kushuka kitini, huku akiimba. Alifika, akamzungusha Nelima uani juu ya fremu, na majirani wakatoka kuangalia. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mchukua krimu yeyote angelifanya, maana mchukua krimu hurudi nyumbani na mikebe mitupu. Alikuwa ameijaribu gia kwa mzigo wa hewa.

Kesho yake mikebe ilikuwa imejaa, galoni nne kila mmoja. Chini ya kilima alikanyaga pedali kwa uzito wake wote, ikashuka nusu, ikasimama. Akakanyaga tena. Baiskeli ilikuwa kama punda aliyeona nyoka. Murunga akashuka, akasukuma, akapanda, akakimbiza, na alipoweka mikebe mezani saa ya ukutani ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili. Elphas aliitazama saa, akamtazama yeye, akaandika nyeupe kwa shingo upande. Ikabidi Murunga akae kwanza kwenye ngazi apate pumzi.

"Nzito," alimwambia Nicanor, akimkabidhi jogoo. "Nipe nyepesi."

Nicanor alimwekea meno ishirini na mawili.

Alhamisi kilima kililainika kama uji. Alikipanda ameketi. Lakini juu, kwenye uwanda ulionyooka mpaka mjini, alijikuta anazungusha miguu kama cherehani na miti ya barabarani haisogei. Kila mara alipokumbuka saa tatu aliongeza. Makalio yalikuwa yanarukaruka juu ya kiti, na mikebe nayo inarukaruka nyuma. Hata hivyo alifika saa tatu kasoro robo, na moyoni akajisemea, leo Elphas atanyamaza.

Elphas alifungua mfuniko, akatumbukiza upawa, akautoa. Juu ya krimu vilikuwa vinaelea vipunje vya manjano, vingi, kama wishwa.

"Hii ni nini?"

Murunga alichungulia. Hakuhitaji kuambiwa.

"Umeleta siagi," Elphas alisema. "Bwana Murunga, kutengeneza siagi ni kazi ya hiki kiwanda. Wewe unalipwa kuleta krimu." Akaandika nyekundu. Kisha, bila kuinua macho, akaongeza kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya koti jeupe: "Kesho Bwana yako anakuja hapa kwa mkutano wa wenye mashamba. Chunga."

Bwana Lourens aliiona ile ya pili saa tano, akainua vidole viwili bila neno, akaingia ndani. Ingelikuwa afadhali angelitukana.

Rael alikuwa ameketi mlangoni akisukasuka maziwa ya mgando kwenye kibuyu, Nelima amelala kando yake kwenye ngozi. Murunga alimsimulia yote, na alipofika kwenye vipunje vya manjano, mkewe akacheka. Murunga alikasirika kidogo.

"Unacheka na kesho tutafukuzwa?"

"Nacheka kwa sababu umefanya kazi yangu, Baba Nelima. Wewe unadhani siagi inakuja kwa nguvu? Siagi inakuja kwa mwendo. Ukisukasuka polepole unaweza kukaa hapa mpaka Krismasi. Lakini ukishika ule mwendo wake, haraka-haraka, fupi-fupi, inakuja mara moja. Hebu panda hiyo baiskeli."

"Nipande niende wapi?"

"Usiende mahali. Panda tu."

Baiskeli ile ilikuwa na stendi ya chuma iliyoinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini. Murunga akaisimamisha uani, akapanda, akazungusha pedali kwa kasi ile ile ya uwandani. Rael akakishika kibuyu mapajani, akawa anatazama magoti ya mumewe na kusukasuka kwa mwendo wake, goti juu, kibuyu juu. Majirani wawili walisimama, wakajiuliza kama watu hawa wamerogwa. Haukupita muda, Rael akainua kibuyu sikioni, akatikisa mara moja.

"Imeshika. Sikia inavyogonga."

Murunga akasikia. Bonge lilikuwa linagonga ndani.

"Sasa punguza," Rael alisema. "Zungusha kama ule wimbo wetu wa kupalilia. Hapo hata nisukasuke mpaka jioni, hakuna siagi. Miguu yako isipite huo wimbo."

"Nikienda hivyo na gia hii sifiki saa tatu."

"Basi tafuta gia inayofika."

Aliposema hivyo, Murunga akashuka, akachukua mkaa. Alipiga alama kwenye tairi na nyingine kwenye ukuta wa matope, akateremsha gurudumu chini, akazungusha pedali mara moja kamili na kuhesabu hatua ambazo baiskeli ilikwenda. Sita. Kisha akaichukua frihwili ya meno kumi na nane, ambayo Nicanor alimwachia mfukoni, na hata bila kuifunga aliikumbuka: Jumanne jioni, akimchezesha Nelima, mzunguko mmoja ulikuwa unamtoa mlangoni mpaka kwenye jiwe la kufulia. Alipima. Saba na kitu.

"Hatua sita ni chache, naleta siagi," alisema. "Saba na kitu ni nyingi, nasukuma. Inatakiwa ya katikati. Meno ishirini."

"Nicanor anayo?"

Murunga alikumbuka lile kopo. Kumi na sita, kumi na nane, ishirini na mbili. Ishirini aliiona mahali pamoja tu.

"Iko kwenye baiskeli yake mwenyewe."

Ilikuwa saa nane mchana, na mchana alitakiwa kuosha mikebe na mashine ya krimu. Rael alimfunga Nelima mgongoni, akaenda kuviosha yeye. Nyapara Kipyego alipita mlangoni mwa chumba cha maziwa, akamkuta mwanamke mahali pa mwanamume, akasimama kidogo.

"Murunga yuko wapi?"

"Anatafuta tiketi nyeupe," Rael akajibu, akiendelea kusugua.

Kipyego alikuna kidevu. Na yeye alikuwa na mahindi yake. "Mimi sijapita hapa," akasema, akaenda zake.

Nicanor hakupenda. Aliizunguka baiskeli yake mara mbili, akaigonga tairi kwa kiatu.

"Hii gia nimekwenda nayo mpaka Kapsabet na bibi nyuma na gunia mbele," alisema. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja kwako."

Murunga alimweleza kibuyu cha Rael, magoti, wimbo wa kupalilia, hatua za ukutani. Nicanor alisikiliza bila kucheka, kisha akachukua spana. "Miaka kumi natengeneza baiskeli," alisema. "Naambia watu gia ni meno. Kumbe gia ni siagi." Akaifungua frihwili ya baiskeli yake, akamfungia Murunga, na yeye mwenyewe akajifungia ile ya kumi na nane. Ya meno ishirini na mawili Murunga aliomba abaki nayo kwanza. Akaitia mfukoni.

Ijumaa mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Murunga aliondoka saa moja na nusu, mikebe imejaa, gunia la vyuma vya Bwana limefungwa juu yake. Chini ya kilima hakukimbiza. Alianza wimbo wa kupalilia kimoyomoyo, jembe juu, jembe chini, na miguu ikafuata. Pedali ilikuwa nzito lakini ilikubali. Katikati, pale pale gia ilipokuwa ikiruka, aliinuka kidogo kitini, akaimba kwa sauti, na baiskeli ikaendelea kupanda. Juu ya kilima alikuwa anahema, na alikuwa bado juu ya kiti. Alifurahi hata machozi yakamtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

Uwandani alikaza wimbo ule ule. Kila alipotaka kuharakisha alimwona Rael na kibuyu, akajizuia. Miti ya barabarani ilikuja mmoja mmoja, ikapita. Mjini, askari wa njia panda alimsimamisha kama kila siku, akadai kipande, akakisoma juu chini na chini juu. Siku nyingine Murunga angekuwa anatokwa jasho la saa. Leo alisimama kwa adabu, akamwachia askari asome mpaka achoke.

Saa ya kiwanda ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Bwana Lourens alikuwa amesimama karibu na meza pamoja na jirani yake, Bwana mmoja mnene mwenye kiko. Elphas alifungua mkebe wa kwanza. Akatumbukiza upawa, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akafungua wa pili. Krimu ilitiririka kutoka kwenye upawa laini, nyeupe, bila punje hata moja.

"Daraja la kwanza," alisema, na akaiandika tiketi nyeupe kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida.

Bwana Lourens hakuitazama tiketi. Alikuwa anautazama usukani.

"Gia yangu iko wapi?"

Watu wote mezani waligeuka. Murunga alifungua gunia, akalitandika chini, akapanga: kile chuma kinene, waya, kijiti, pingili mbili za mnyororo, na vile vyuma vidogo kwenye kitambaa.

"Ni hii, Bwana. Yote. Ilikuwa imekufa. Nimeweka nyingine, ya kwangu. Sasa krimu inafika."

Bwana Lourens aliinama, akaokota chuma kimoja kilichoisha meno, akakigeuza. Akamtazama jirani yake, ambaye alikuwa anatabasamu na kiko mdomoni. Akakitupa chini.

"Wewe toka nyumba yangu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Bwana."

Wazungu wawili waliongea kidogo kwa lugha yao. Kisha Bwana Lourens akajipangusa mikono. "Vizuri. Wewe sasa upesi sana. Jumatatu wewe pitia kwa huyu bwana, chukua mkebe yake pia. Mikebe tatu. Mshahara ile ile."

Murunga alihisi kitu kikipanda kutoka magotini. Haikuwa hofu, ingawa hofu aliijua vizuri. Ilikuwa ni ule wimbo, bado unakwenda.

"Haitawezekana, Bwana," alisema.

Elphas aliacha kuandika.

"Gia hii ni ya mikebe miwili," Murunga akaendelea, polepole, kama mtu anayesoma tiketi. "Nimeipima. Ukiongeza wa tatu, kilimani nitasukuma, nitachelewa, tiketi itakuwa nyekundu. Yako, na ya huyu bwana. Mkebe wa tatu unataka gia nyepesi, krimu iwe tayari mapema zaidi, na mtu wa kuulipia kazi yake." Akatia mkono mfukoni, akaitoa ile frihwili ya meno ishirini na mawili, akaishika pale kila mtu aione. "Gia ninayo. Mshahara wake Bwana ndiye anao."

Yule mnene alitoa kiko mdomoni. Uso wa Bwana Lourens ulikuwa mwekundu kama ile tiketi ya Alhamisi, na Murunga alingoja vidole vitatu viinuke. Lakini tiketi nyeupe ilikuwa mezani, wino haujakauka, na wote wawili waliitazama kwa wakati mmoja. Bwana Lourens aliichukua, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka kuelekea kwenye mkutano wake.

Elphas alimrudishia Murunga mikebe mitupu. Kila siku aliisukuma sakafuni kwa mguu. Leo aliibeba kwa mikono, mmoja mmoja, akaifunga mwenyewe kwenye baiskeli.

Jumamosi ilipita bila neno, na Jumapili Rael aliomba kanisani muda mrefu kuliko kawaida. Jumatatu, saa moja na robo, Murunga aliingia katika chumba cha maziwa ameshika kofia. Nyapara Kipyego alikuwa amesimama kando ya mashine, na alimwonyesha sakafuni kwa kidevu.

Murunga alihesabu mara mbili, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Mikebe ilikuwa miwili.